Kushuka Nandi Hills: Nilivyojifunza Kushika Kona kwa Baiskeli

Waendesha baiskeli wa Kisumu tunajua kupanda. Jiji letu liko kando ya ziwa, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila barabara inayotoka hapa mwishowe hukutana na mlima: Riat na Kiboswa ukienda Kakamega, Maseno ukienda Busia, ukuta wa Nandi ukienda upande wa mashariki. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya Jumamosi ni ya kupanda tu. Nani alifika juu bila kushusha mguu, nani alikunywa uji wa nini asubuhi, gia gani ilimwokoa nani. Kuhusu kushuka hakuna anayesema lolote. Mtu akifika kileleni tunampongeza, kisha tunamwachia mteremko kana kwamba ni zawadi isiyohitaji maarifa. Mimi nasema mteremko ndio unaohitaji maarifa zaidi. Ukichoka kupanda utasimama upumzike, lakini ukiwa katikati ya kona ya mteremko hakuna mahali pa kusimama ukafikiri.

Barabara iliyonifundisha ni ile ya kutoka Nandi Hills hadi Chemelil. Juu kule uko katikati ya mashamba ya chai, karibu mita 2,000, na baridi ya asubuhi inauma vidole. Kisha lami inaanza kujipinda kwenye ukingo wa ule ukuta, mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na chini unaona tambarare ya miwa imetandaa kuelekea ziwani. Unapofika Chemelil umeshuka zaidi ya mita 700, na koti ulilovaa juu sasa unalifunga kiunoni. Sisi huondoka Kisumu alfajiri kupitia Mamboleo, Kibos na Miwani, tunapanda kabla jua halijawa kali, tunakunywa chai Nandi Hills, ndipo tunageuza.

Kwa muda mrefu mimi nilikuwa wa mwisho kufika chini. Nilishuka vidole vimekaza breki kutoka juu hadi bondeni, mabega yamepanda karibu na masikio, viganja vinauma, rimu zimepata moto hadi huwezi kuzigusa. Wengi hushuka hivyo. Mwili unajilinda kwa njia pekee unayoijua, na mtu asiulaumu mwili wake mpaka ameufundisha njia nyingine.

Aliyenionyesha njia nyingine ni mzee mmoja, fundi wa baiskeli pale Kondele. Kabla pikipiki hazijajaa mjini alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, zile nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba. Ujana wake aliutumia Busia akivusha watu na magunia mpakani. Baiskeli ile huvutwa breki kwa fito za chuma, haina waya, na ikilowa maji ni kama haina breki. Sasa umembeba mama nyuma, naye amempakata mtoto na kikapu, na unashuka kilima. Mzigo wa nyuma ukiyumba, usukani unakuwa mwepesi mikononi. Huna raba nzuri za kukuokoa. Watu waliofanya kazi ile miaka mingi na abiria wao wakafika salama walikuwa mabingwa wa kona, na sijui kwa nini hatukuwahi kuwauliza walifanyaje.

Mimi nilimuuliza. Alikuwa anakaza spoki, hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu," akasema, "ukifika ndani ya kona na bado una shughuli na breki, umechelewa. Breki imalize kazi yake barabara ikiwa bado imenyooka."

"Na nikiingia nikaona bado nina mwendo mkubwa, Mzee?"

"Ndiyo maana nakuambia umalize mapema. Ingia taratibu kuliko unavyotaka. Utatoka haraka kuliko unavyofikiri."

Mimi ni mwalimu wa hesabu na fizikia. Nimeandika ubaoni mara nyingi ile kanuni inayosema kwamba nguvu ya kukushikilia kwenye mduara hupanda kwa mraba wa mwendo. Maana yake ni kwamba kona unayoipita kwa kilomita 20 kwa saa ukipiga mluzi, ukiiingia kwa kilomita 40 inadai mshiko mara nne. Mwendo umeongezeka mara mbili, deni limeongezeka mara nne. Na tairi lina kiasi chake cha kushika lami, ambacho hakiongezeki kwa sababu wewe umeogopa. Kiasi hicho ndicho unachokitumia kupunguza mwendo, na ndicho hicho hicho unachokitumia kupinda. Ukibana breki sana huku baiskeli imelala kwenye kona, unakitoa mahali kinapohitajika zaidi. Gurudumu linateleza. Kanuni niliijua, lakini ilichukua fundi wa Kondele kuitoa ubaoni na kuiweka vidoleni mwangu.

Kumaliza breki mapema kunataka uwe na breki unayoiamini, na hapa pana jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Huku kwetu mtoto akijifunza baiskeli anaonywa: usiguse breki ya mbele, utapinduka. Anakua na hofu hiyo, anafika miaka thelathini akitumia breki ya nyuma peke yake. Lakini unapopunguza mwendo, uzito wako unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na ukilibana linaburuzika tu. Gurudumu la mbele ndilo linalokandamizwa chini, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye uwezo wa kukusimamisha. Anayepinduka ni yule aliyeikamata ghafla, mikono imelegea, mwili wote ukarushwa juu ya usukani.

Mzee alinipeleka kwenye kipande cha lami kilichonyooka na tukaanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vidole viwili kila upande. Makalio yarudi nyuma kidogo ya kiti, kifua kishuke, mikono iwe imara ila viwiko vikunjike. Kisha ubane breki ya mbele polepole, uongeze, uongeze, mpaka usikie gurudumu la nyuma linataka kuinuka, hapo ulegeze. Tulirudia mwendo ukipanda kidogo kidogo. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na kitu ambacho sikuwa nacho asubuhi: nilijua ni umbali gani hasa ninaouhitaji kutoka kwenye mwendo mkubwa hadi mwendo wa kona. Hofu nyingi ya mteremko ni hofu ya kutojua umbali huo. Tahadhari moja tu: zoezi hili ni la lami kavu. Kwenye marram na kokoto breki ya mbele ishikwe kwa upole sana, maana gurudumu la mbele likiteleza hulirudishi.

Baada ya breki yakaja macho, na kwa maoni yangu macho ndiyo nusu ya kazi nzima.

Baiskeli huenda unakotazama. Ukilikodolea macho shimo, unaliingia. Ukitazama ukingo wa bonde kwa hofu, mikono inakupeleka huko huko bila wewe kuiamuru. Mzee alikuwa akisema abiria wake alimjua mwoga kwa shingo, kwa sababu mwoga hutazama gurudumu lake la mbele. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kila sekunde. Kwa hiyo anayetazama mita tano mbele anatazama mahali ambapo tayari ameshafika, na hawezi kubadilisha lolote pale. Macho yaende mbali, kwenye njia ya kutokea kona, na kichwa kigeuke kabisa, kidevu kielekee unakotaka kwenda.

Kuna alama moja ya macho ambayo imenisaidia kuliko zote kwenye ukuta wa Nandi, ambako kona nyingi zimefichwa na mlima au miti na huoni mwisho wake. Ukitazama mbele, kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana mahali fulani. Iangalie sehemu hiyo ya kukutania. Ikiwa inakukimbia, yaani umbali kati yenu unaongezeka, kona inafunguka na unaweza kuachia breki. Ikiwa inabaki umbali ule ule mbele yako, kona bado haijaanza kufunguka. Kaa na mwendo wako. Ikiwa inakujia, kona inazidi kujikunja, na upunguze sasa hivi kabla hujailaza baiskeli. Tangu nianze kuisoma alama hiyo sijabaki nikibahatisha kona. Hata barabara nisiyoijua huniambia mapema inataka nini.

Kufundisha macho tulitumia uwanja wa shule na chupa mbili za plastiki zilizojazwa mchanga. Unaziweka hatua kama kumi kutoka moja hadi nyingine na unazizunguka kwa umbo la nane. Sharti ni moja: ukianza kuizunguka chupa ya kwanza, macho yawe tayari kwenye ya pili. Ni zoezi dogo, wanafunzi hulicheka. Baada ya dakika chache kicheko kinaisha kwa sababu shingo haitaki. Shingo inataka kutazama chupa iliyo karibu. Ndipo unaposogeza chupa ziwe karibu zaidi, na zaidi.

Wakati huo huo nikapata mwalimu mwingine ambaye hajui kama alinifundisha. Februari 2018, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika PyeongChang, Korea Kusini, kulikuwa na Mkenya mmoja tu, Sabrina Simader, aliyezaliwa hapa nchini na kukulia Austria. Miaka 20 kabla yake, Philip Boit alikuwa ametuwakilisha Nagano, Japani, kwenye skii za masafa, yaani mbio ndefu za kuteleza thelujini kwa vibao virefu, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari wa mwisho ili ampe mkono. Lakini Simader ndiye Mkenya wa kwanza kushindana Olimpiki kwenye skii za kuteremka mlima, zile za kupita katikati ya milango ya fito kwa kasi. Nilimtazama kama Mkenya anavyomtazama Mkenya mwenzake, kwa fahari. Kisha nikarudia video zake na za wenzake kama mtu mwenye shida na kona.

Ukisimamisha picha wakati mwanaskii yuko katikati ya kona, utaona mguu wa nje umenyooka na umekandamiza, wa ndani umekunjwa. Karibu uzito wote uko kwenye skii ya nje, na ukingo wake wa chuma ndio unaokata theluji na kumgeuza. Macho yake hayako kwenye mlango anaoupita, yako kwenye unaofuata. Na kiuno chake hakiko nyuma. Hilo la kiuno lilinishangaza, kwa sababu hofu ya mteremko humvuta mtu arudi nyuma, na wakufunzi wa skii hupambana nalo kwa wanafunzi wao: ukikaa nyuma, ncha za mbele za skii zinakosa uzito, haziumi theluji, hazigeuki. Nikaona ndicho kinachotupata kwenye baiskeli. Tukiogopa tunasukuma mwili nyuma ya kiti na kunyoosha mikono, gurudumu la mbele linabaki jepesi, na usukani unakuwa kama si wetu. Kurudi nyuma ni kwa ajili ya kufunga breki peke yake. Ukishaachia breki na kuanza kupinda, rudi katikati, kifua kishuke, viwiko vikunjike, gurudumu la mbele lipate haki yake.

Tofauti iko kwenye mwendo. Mwanaskii anaweza kupunguza kasi kwa kuimalizia kona yake, akaigeuza skii hadi ikakata mteremko kwa upana au hata kuelekea juu kidogo, kwa sababu ana mlima mzima wa kuchorea. Sisi tuna upande mmoja wa lami, na upande wa pili kuna lori. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwa baiskeli: mwendo umalizwe kabla.

Mguu wa nje nikauchukua kama ulivyo. Kona ya kushoto, pedali ya kulia iwe chini kabisa na uikanyage kwa nguvu, kana kwamba unataka kuizamisha kwenye lami. Kona ya kulia, pedali ya kushoto. Faida ya kwanza kila mtu anaijua, kwamba pedali ya ndani ikibaki chini itagonga barabara baiskeli ikilala. Faida ya pili inajulikana kwa kuijaribu: ukikanyaga mguu wa nje kwa nguvu, makalio yanakuwa mepesi kwenye kiti, baiskeli inalala chini yako huku wewe ukibaki wima kidogo, na matuta madogo ya lami hayakurushi.

Halafu mkono wa ndani. Hili husikika kama kinyume mpaka ulijaribu. Ukiwa na mwendo, ukitaka kwenda kulia, sukuma upande wa kulia wa usukani mbele kidogo tu. Baiskeli inalala kulia na inapinda kulia. Kila mwendesha baiskeli hufanya hivyo bila kujua, la sivyo asingeweza kupinda hata kona ya kwenda sokoni. Lakini kufanya kwa kujua ni jambo jingine. Kona ikijikunja ghafla, anayejua anasukuma zaidi na baiskeli inalala zaidi. Asiyejua anakaza mikono yote miwili na kuomba Mungu.

Sasa niseme kuhusu njia ya kupita ndani ya kona, kwa sababu vijana huangalia mashindano ya Ulaya na kunakili yale ambayo hayawezekani Nandi. Kule barabara imefungwa, mwanamashindano anatumia lami yote: anaingia kutoka nje, anagusa ndani, anatoka nje. Sisi tuna nusu ya barabara, tunaendesha upande wa kushoto, na nusu hiyo ndiyo tuigawe. Mstari wa katikati kwangu ni ukuta.

Kona ya kulia huwa ninaiingia nikiwa karibu na ukingo wa kushoto wa lami, bila kukanyaga kokoto za pembeni. Kutoka hapo ninaona mbali zaidi. Ninasubiri. Ninaendelea kusubiri hata mwili ukisema pinda sasa, mpaka nimeona kona inakotokea, ndipo nasukuma mkono wa kulia na kusogea kuelekea katikati. Anayeharakisha kuingia ndani hufika katikati mapema, na sehemu ya mwisho ya kona inamtupa nje, kwenye kokoto, kwenye mtaro. Kona ya kushoto ni kinyume: naanzia katikati ya upande wangu, nasubiri vile vile, kisha nashuka kuelekea ukingo. Hatari yake ni gari linalopanda. Trela refu likipinda, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kuelekea ndani ya kona. Kona yangu ya kushoto ni kona ya kulia kwa dereva anayepanda, kwa hiyo mkia wa trela lake unakata kuja upande wangu. Nikiwa nimejibana kwenye mstari wa katikati wakati huo, hakuna ufundi utakaonisaidia. Kona ya kushoto isiyoonekana nakaa nusu ya ndani ya upande wangu na nashusha mwendo mpaka niweze kusimama ndani ya kile ninachokiona.

Na kuna yale ya barabarani kwetu. Ukikaribia Chemelil unaanza kukuta miwa iliyodondoka kutoka kwenye trekta. Muwa mmoja uliolala kwenye lami huzunguka chini ya tairi, kwa hiyo ukiwa huna jinsi upite juu yake ukiwa wima, magurudumu yakiukata moja kwa moja, bila breki na bila kupinda. Matope yanayodondoka kutoka magurudumu ya trekta ni mabaya kuliko muwa wenyewe, hasa yakiwa yamekauka juu na chini bado ni mabichi. Kuna dizeli iliyomwagika kwenye kona kali, utaiona inang'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Kuna ng'ombe. Kuna watoto wanaotoka shule wakishangilia baiskeli katikati ya barabara, nao wana haki ya barabara kuliko mimi. Karibu na vituo kuna matuta ambayo mengine hayana rangi wala alama. Matatu husimama popote palipo na abiria.

Mvua ya kule huja mchana, mara nyingi baada ya saa nane, na ndiyo sababu kubwa ya sisi kuondoka alfajiri. Dakika za kwanza za mvua ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyokaa kwenye lami bado hayajaoshwa. Mistari ya rangi inateleza. Breki za rimu zikilowa hazikamati mara moja: raba inabidi ipanguse maji kwanza, gurudumu lizunguke mara kadhaa, ndipo usikie mshiko. Mtu asiyejua hubana kwa nguvu zaidi, na maji yanapoisha breki inakamata ghafla kwa nguvu yote ile. Kwa hiyo mvua ikianza ninagusa breki kidogo kidogo hata pale nisipozihitaji, ili rimu zibaki zimepanguswa.

Upepo wa tairi nao ni sehemu ya kona. Kwetu imani ni kwamba tairi gumu ndilo zuri. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye lami yenye viraka, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Mimi nina kilo 74 na natumia tairi za milimita 28. Nilikuwa nikijaza paundi 100. Mzee alinishusha hadi 75 gurudumu la nyuma na 70 la mbele, na kwenye kona za Nandi ilikuwa kama nimebadilishiwa baiskeli. Mtu mzito ajaze zaidi, mwenye tairi pana apunguze, na wote watumie pampu yenye kipimo badala ya kidole gumba.

Vijana wa kikundi chetu wanamjua Chris Froome, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kibaiskeli na David Kinjah. Wanaijua zaidi ile siku ya Tour de France ya 2016 aliposhuka mlima wa Peyresourde ameketi juu ya bomba la fremu, kifua kwenye usukani, huku akiendelea kupiga pedali, akashinda mbio za siku hiyo. Wote wanataka kuketi hivyo. Mimi nimewakataza, na si kwa sababu ya ukali wa mwalimu. Chama cha kimataifa cha baiskeli kilipiga marufuku mkao huo mwaka 2021. Mwili ukikaa juu ya bomba, miguu haiwezi kukandamiza pedali ya nje, uzito umekaa mahali usipoweza kuuhamisha, na shimo likitokea huna viungo vya kulipokea. Pia nawakumbusha Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, mtu aliyefungua njia kwa waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, ambaye alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya barabara za kokoto huko Vermont, Marekani. Alikuwa na ujuzi kutuzidi sote. Ninapomtaja sitaki kuwatisha watoto wa watu. Nataka waelewe kwamba helmeti, glavu na mwendo unaoweza kuupunguza si vya wanaoanza tu.

Siku hizi sifiki chini wa mwisho, lakini hilo limepungua uzito kwangu. Kinachonifurahisha ni kwamba nafika Chemelil mikono haiumi. Breki nazishika mara chache, kwa nguvu, kisha naziachia kabisa. Kati ya kona na kona napumua. Naona chai, naona bonde, nasikia baridi ikigeuka joto usoni kadiri ninavyoshuka, na hayo yote yalikuwepo tangu zamani ila nilikuwa nimekaza meno mno kuyaona.

Sasa ninamfundisha msichana mmoja wa kidato cha tatu ambaye anapanda kutushinda karibu sote. Kona za kushoto anazishuka vizuri kabisa, amelala, ametulia. Kona za kulia anakakamaa. Nilimfuata nyuma kutazama, nikaona kwamba kwenye kona za kulia anatazama bonde lililo upande wake wa kushoto, na mguu wake wa kushoto hauko chini, pedali zote mbili ziko sawa. Tuliposimama nilimuuliza anaogopa nini hasa.

"Mwalimu, naona kama nitatupwa kule," akasema akionyesha bondeni.

Nilimwambia hofu yake ina akili, kwa sababu kona ya kulia ndiyo inayomtupa mtu kule asipoisubiri. Kisha tukatafuta kona moja ya kulia iliyo wazi, inayoonekana yote, na akaishuka kwa mwendo mdogo huku akitaja kwa sauti kila anachofanya: breki, achia, mguu wa kushoto, tazama kule, sukuma. Mwenzake alikuwa amesimama chini akitazama magari na kuinua mkono barabara ikiwa tupu. Akarudia. Akarudia tena. Mwendo hatukuuongeza hata kidogo siku hiyo, na aliponiomba tuongeze nilikataa. Mguu wa kushoto ukishuka wenyewe bila kuitwa kwa sauti, ndipo tutaongeza.

Jumamosi ijayo hatupandi Nandi kwanza. Tutabaki kwenye lami ya shule na ndoo za maji, kila mtu amwagie rimu zake, ajifunze breki iliyolowa inachukua umbali gani kukamata. Mzee wa Kondele amesema atakuja, na ameahidi kuja na Black Mamba yake.